Fundi Aliyeitwa Sare

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Kama chai yako iko mezani, inywe taratibu. Kama uko kazini na kelele ni nyingi, sogeza redio karibu kidogo, maana leo sitapaza sauti. Tunamkumbuka mtu ambaye mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Angejua anasemwa hapa, angekwenda kujificha nyuma ya cherehani yake mpaka kipindi kiishe.

Tunamkumbuka fundi wa viti. Alifariki wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake, kitandani kwake, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: fundi wa viti, miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne alishona viti vya mabasi katika karakana ya kampuni ya usafiri. Kama umewahi kupanda basi ukakaa vizuri, springi isikuchome, mshono usikukwaruze, basi pengine ulikalia kazi ya mikono yake na hukujua.

Alikuwa na majina mawili ya utani. La kwanza lilikuwa Ngoja Kwanza, na hilo alilipata kwa haki kabisa. Dereva akija mbio kuulizia kiti chake, jibu lilikuwa ngoja kwanza. Akiitwa mezani kula, ngoja kwanza. Mkewe anasema hata siku ya kuposa alimwacha mjomba wake anayemsindikiza asimame mlangoni, yeye akarudi njiani kuhakikisha kama amefunga karakana. "Ungemwambia nyumba inaungua," anasema mama huyu, "angekwambia ngoja kwanza nimalize mshono huu."

Jina la pili lilikuwa Sare. Hilo alipewa, na alilibeba miaka kumi na tisa mpaka anaingia kaburini. Leo ninataka mjue lilitoka wapi.

Turudi nyuma. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake. Baba yao alifariki fundi akiwa na miaka tisa na kaka ana kumi na mitano. Kaka akaacha shule, akaenda karakana kujifunza umakanika, akawa ndiye baba wa nyumba. Yeye ndiye aliyenunua madaftari ya mdogo wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kunyoa ndevu. Na yeye ndiye aliyemfundisha sataranji.

Ubao waliuchora kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha. Kete walizitoa karakana. Nati kubwa ilikuwa mfalme. Boliti ndefu ilikuwa malkia. Vifuniko vya soda vilikuwa askari. Kaka alimfunga mdogo wake kila jioni kwa miaka miwili, na hakuwa na haya ya kumcheka. Halafu jioni moja, mdogo akiwa na miaka kumi na mmoja, akasogeza nati moja, akasema kwa upole, "Kaka, nadhani umekwisha."

Kaka akaangalia. Akaangalia tena. Kweli, amekwisha. "Nikamwambia akaoshe vyombo," kaka mwenyewe ananisimulia, na hapo anacheka kidogo. "Zamu ilikuwa yangu. Lakini ningefanyaje? Ilibidi nimwonyeshe bado mimi ni mkubwa."

Wasikilizaji wapendwa, mshike hilo la ukubwa wa kaka. Huyu mdogo hakuwahi kumjibu kaka yake kwa sauti ya juu. Hajawahi. Kaka akisema twende, anavaa viatu. Kaka akimkazia macho, ananyamaza. Ndivyo alivyolelewa, na aliona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Fundi alipokua, kaka akamwingiza karakana. Yeye akapelekwa upande wa viti, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Kaka akapanda mpaka akawa msimamizi wa karakana nzima. Na nyuma ya stoo, katika chumba kilichonuka mpira na grisi, kaka akaanzisha klabu ya sataranji. Wachezaji sita. Kaka ndiye kepteni. Meza ya kwanza, ile ya mchezaji bora, akakaa fundi wa viti.

Mjini kulikuwa na ligi ya klabu nane. Walimu walikuwa na yao, posta walikuwa na yao, hospitali walikuwa na yao. Meza ya kwanza ya hospitali alikaa muuguzi mmoja aliyeitwa na wote Sista. Mwanamke mfupi, mpole, ambaye akikufunga anakuomba radhi kama amekukanyaga mguu. Msimu ule ninaousema, miaka kumi na tisa iliyopita, watu wawili tu kwenye ligi nzima walikuwa hawajafungwa hata mara moja. Mmoja alikuwa Sista. Mwingine alikuwa Ngoja Kwanza.

Mechi ya mwisho ya ligi ikawakutanisha. Hospitali na karakana. Hospitali walihitaji sare tu kuwa mabingwa. Karakana walihitaji ushindi. Narudia: hospitali sare inatosha, karakana lazima washinde. Na si kombe peke yake. Meneja wa kampuni alikuwa amewaambia wazi: mkiwa mabingwa, chumba cha nyuma ya stoo ni chenu. Msipokuwa, ninakitaka, nina matairi hayana pa kulala. Kwa kepteni, chumba kile kilikuwa kazi ya miaka kumi na miwili ya maisha yake.

Walicheza Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kulia chakula wa shule moja. Meza tano zikamalizika. Mbili na nusu kwa mbili na nusu. Wachezaji wakatoka uani kubishana na kunywa maji. Ndani wakabaki watu wanne: Sista, fundi, mwamuzi aliyekuwa pembeni anajaza karatasi za matokeo, na kepteni, kaka mtu, amesimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, mikono mfukoni.

Dakika ishirini baadaye watu wakasikia viti vinaburuzwa. Wakaingia mbio. Wakakuta wawili wale wanapeana mikono. Mwamuzi akatangaza: sare. Nusu kwa nusu. Aliyeomba sare ni fundi wa viti.

Watu wakaufuata ubao, wakainamia. Ndipo mambo yakaharibika. Ubaoni kete ya fundi iitwayo ngome ilikuwa imebakiza hatua moja, moja tu, kumbana mfalme wa Sista pasipo pa kutokea. Hata wa meza ya sita aliiona. Badala yake fundi alikuwa amesogeza mfalme wake mwenyewe hatua moja, hatua isiyo na kichwa wala miguu, kisha akaomba sare.

Mtu akamuuliza, "Hukuiona?" Fundi akasema, "Niliiona." Akaulizwa, "Sasa?" Akainuka, akaelekea mlangoni.

Kaka yake akamfuata mpaka mlangoni. Mbele ya watu wote akamwambia neno moja tu. "Umetuuza." Akatoka.

Basi, wasikilizaji, kazi ikawa imekwisha. Neno likitoka kwa kepteni, tena kwa kaka mtu, nani atalipinga? Wengine wakasema amehongwa. Wengine wakasema hapana, moyo wa kuku, ameogopa kushinda. Jumatatu yake matairi yakaingia kwenye chumba. Ijumaa yake mtu mmoja karakana akapaza sauti, "Sare, leta uzi," watu wakaangua kicheko, na fundi akapeleka uzi. Ndiyo siku Ngoja Kwanza alipokufa na Sare akazaliwa.

Akaitwa Sare na mafundi. Akaitwa Sare na madereva. Wauza maji wa kituoni, ambao sataranji hawaijui hata kwa kuisikia, nao wakamwita Sare. Bintiye wa kwanza, ambaye leo ni fundi umeme, anakumbuka walivyomtania shuleni. "Niliporudi nalia, baba aliniambia sare si tusi. Sare maana yake hakuna aliyeshindwa. Nikamwambia, lakini baba, wewe peke yako ndiye unayechekwa. Akaniambia nikalete mkasi."

Na kaka? Kaka alikuwa msimamizi wake kila siku ya Mungu, na kwa miaka kumi na tisa wakaongea hivi: "Basi namba saba." "Ndiyo." "Kesho asubuhi." "Sawa." Kwenye shughuli za ukoo mmoja alikaa upande huu, mwingine upande ule, na wake zao wakawa wanapitisha salamu katikati. Fundi hakucheza tena ligi. Kete zake alizitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaufunga, akauweka juu ya kabati.

Nami nilidhani nakuja kusimulia habari ya mtu aliyekosa ujasiri siku moja, akailipia maisha yake yote. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Karatasi ile nimeichana.

Siku ya pili baada ya msiba, mwanamke mfupi aliingia nyumbani kwa marehemu, akakaa karibu na mjane. Alikuwa Sista. Sasa amestaafu. Alisema amechoka kukaa na jambo hili peke yake. Nilikwenda kumsikiliza, na alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

Kwanza niwafafanulie saa ya sataranji, kwa wasioijua. Ni saa yenye nyuso mbili, moja yako, moja ya mwenzako. Unacheza, unabonyeza kitufe, saa yako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Ukisahau kubonyeza, saa yako inaendelea kukula wewe, ingawa zamu si yako tena. Na dakika zako zikiisha, umefungwa, hata kama ubaoni ulikuwa mfalme wa dunia. Sheria haimlazimishi mwenzako akukumbushe. Lakini kwenye ligi ile walikuwa na desturi yao. Mwenzako akisahau, unamwambia neno moja: "Saa." Basi. Kila mtu aliifanya. Hata waliochukiana waliifanya.

Sista alikuwa ametoka zamu ya asubuhi mchana uleule, akaja moja kwa moja. "Nikacheza," anasema, "nikaandika kwenye karatasi yangu. Mkono badala ya kwenda kwenye saa, ukaingia mfukoni. Ukagusa funguo. Funguo za kabati la dawa, mwanangu. Nilikuwa nimemkabidhi mwenzangu kila kitu wodini, isipokuwa funguo. Wagonjwa ishirini na wawili, na kabati limefungwa, na funguo ninazo mimi. Nikaganda. Nikawa napanga nimtume nani, nimpigie nani, nitasema nini kwa mkubwa wangu. Ubao sikuuona tena. Saa ndiyo kabisa."

Saa yake ilikuwa na dakika kumi na nne. Alipozinduka, ilikuwa na tatu. Dakika kumi na moja zilikuwa zimetembea, na fundi wa viti hakusema lile neno moja. Narudia, wasikilizaji wapendwa: dakika kumi na moja, na fundi alinyamaza.

"Nikabonyeza saa," anasema Sista. "Sikusema kitu. Kosa lilikuwa langu. Lakini nilimtazama. Hakuweza kunitazama. Jasho lilikuwa limemjaa puani. Nikaangalia ubao, nikaona ameshanipata. Mchezo ule ulikuwa sawa kwa sawa tangu mwanzo. Ile njia ya ngome aliipata ndani ya dakika zangu. Nikasema moyoni, haya, malizia. Akakaa sana. Halafu akasogeza mfalme wake, akasema, Sista, nakupa sare. Nikaelewa palepale. Nikampa mkono haraka, maana sisi sare ilitutosha. Uharaka ule nao ni wangu, na sijausahau."

Baadaye, aliposikia jina la Sare limeenea mjini, Sista alimfuata fundi karakana, akamwambia niache niwaeleze watu. Fundi akakataa. Akamsindikiza mpaka getini, akamwambia tafadhali asirudi kwa jambo hilo.

Kwa nini? Hapo ndipo mkewe alipokuwa amekwama miaka yote. Yeye alijua tangu jioni ileile. "Alirudi hakula. Akaniambia, nimekula dakika kumi na moja za mtu. Nikamwambia si ungemrudishia. Akasema dakika hazirudi, nimerudisha nilichoweza. Nikamwambia basi kamweleze kaka yako, akuelewe. Akaniambia, siwezi kueleza nusu, na nusu nyingine si yangu. Sikumwelewa. Nilimuuliza mara nyingi mpaka nikachoka."

Nikaenda kwa kaka. Nilikwenda na maneno ya Sista kwenye kinasa sauti changu, nikidhani nampelekea habari. Nilimkuta kibarazani anasafisha kabureta ya pikipiki ya jirani. Ana miaka sitini na saba, mgongo bado umenyooka. Nikamwekea sauti ya Sista. Akasikiliza mpaka mwisho huku anafuta sindano ya kabureta kwa kitambaa, anaifuta, anaifuta tena. Akasema, "Zima kidude chako." Nikazima.

Tukakaa. Mkewe akaleta maji, akatutazama, akarudi ndani. Kisha mzee akasema, "Washa. Nataka isikike." Akauliza kama kweli itatoka redioni. Nikamwambia itatoka akitaka. Akasema anataka. Haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza.

"Niliiona saa ile kabla yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, naiona vizuri. Kepteni haruhusiwi kuongea, lakini usinitetee kwa hilo. Dakika ya kwanza, mdogo wangu aliinua mkono. Alikuwa anataka kumwambia saa. Nilimjua, alikuwa amefungua mdomo. Nikamgusa begani. Akageuka. Nikamkazia macho, nikatikisa kichwa. Nyamaza. Akageukia ubao, akanyamaza. Dakika kumi na moja zile ni zangu. Alinyamaza kwa sababu nilimwambia anyamaze, na tangu ana miaka tisa nikimwambia neno anatii. Alipoomba sare, nilijua anasema nini. Nilijua mimi peke yangu. Nikamwambia ametuuza, ili watu wamtazame yeye."

Akakunja kitambaa chake. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa walimwita Sare, na mimi nilicheka nao. Ilimtosha kusema maneno mawili tu, kaka kanikataza. Hakuyasema. Hata kwa mkewe."

Nilimuuliza kama walipata kuonana mwisho. Alisema ndiyo, alikwenda mara moja marehemu akiwa amelala mgonjwa. Alisimama mlangoni. Mdogo wake akamwambia, "Kaka, kaa." Akamjibu ana haraka. Hakuwa na haraka yoyote. Alikwenda kukaa kituo cha basi mpaka jioni.

Siku nne baada ya mazishi, kaka alivaa shati safi, akaenda kwa mjane. Akasimama katikati ya sebule, mbele ya bintiye marehemu, mbele ya Sista, akayasema yote kama alivyonieleza. Bintiye alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na maneno haya ameniruhusu kuyatoa: "Shemeji, mume wangu alikusamehe jioni ileile, sasa naona. Mimi bado. Lakini usisimame hivyo kama mgeni. Kaa." Akakaa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunatoa pole kwa mjane wa fundi wa viti, kwa bintiye na ndugu zake, na kwa mafundi wote wa karakana. Pole kwa Sista, ambaye aliomba nisimsahau. Na pole kwa kaka, ambaye aliniomba nisimpe pole, lakini ninampa, kwa kuwa naye amefiwa.

Nawaachia jambo moja la kufikiri mkiwa na chai yenu. Pengine kuna mtu mtaani kwenu, au kazini kwenu, au chini ya paa lenu, anaitwa jina baya kwa jambo ambalo unajua ni lako. Unamwona kila siku. Anaitika. Pengine unacheka pamoja na wenzako. Nenda leo ukamwambie, akiwa bado anaweza kukujibu. Huyu mzee wetu alipewa miaka kumi na tisa ya kusema, na nyumba ya mdogo wake iko mtaa wa pili kutoka kwake. Ni mwendo wa dakika kumi na moja kwa miguu, alinipimia mwenyewe.